Nani Alitupa Jiwe?

Kuna vitabu ambavyo mtu akivimaliza hubaki na maswali mengi kuliko aliyokuwa nayo alipoanza. Wengine husema mwandishi hajui kazi yake. Wengine hujiona wajinga, wakakirudisha kitabu kimyakimya. Sisi tunadhani ipo njia ya tatu, nayo ni kukaa pamoja, kuyataja mafundo moja moja, na kuuliza kila fundo ni la aina gani. Katika insha hii tunataka kufanya hivyo kwa kitabu kimoja, kwa sababu mafundo yake yamefungwa karibu sana na kwetu, Karatu na Ngorongoro, na kwa sababu mojawapo halitafunguliwa na mwandishi wala mtaalamu. Linamngoja kila mmoja wetu.

Kitabu chenyewe kinaitwa 2001: A Space Odyssey. Mwandishi wake ni Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka mwaka 1956 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2008. Kilitoka mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga Mwezi, pamoja na filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na Stanley Kubrick. Vijana wa kikundi chetu cha kusoma waliiona filamu wakaja wakilalamika kwamba hawakuambulia kitu. Basi tukakisoma kitabu kwa Kiingereza, sura kwa sura, tukasimuliana kwa Kiswahili, na penye ugumu kwa Kiiraqw, ili wazee wa usharika nao wawemo.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Katika Afrika ya miaka milioni tatu iliyopita, wakati wa ukame mrefu, kundi la viumbe walio nusu nyani nusu watu linakufa njaa. Wamezungukwa na wanyama wenye nyama, lakini hawajui kuua. Siku moja linatokea jiwe refu la ajabu, linaloingia akilini mwao na kuwafundisha kushika jiwe na mfupa. Kiongozi wao, Mtazama Mwezi, anaua ngiri na wote wanashiba. Kisha wanamuua chui aliyekuwa akiwala. Hatimaye, kwenye kijito wanachogombea na kundi jingine, anamuua kiongozi wa wenzao aitwaye Sikio Moja.

Hapo kitabu kinaruka hadi zama za vyombo vya anga. Watu wamelifukua jiwe jeusi Mwezini, katika kreta iitwayo Tycho. Jua linapolipiga linatuma ishara kuelekea sayari ya Zohali. Chombo kiitwacho Discovery kinatumwa huko kikiwa na watu watano: wawili wako macho, watatu wamelazwa usingizi mzito wa kitaalamu. Kinaendeshwa na kompyuta iitwayo HAL, ambayo njiani inawaua wanne kati yao. Aliyebaki, Bowman, anaizima, anafika, anapita katika jiwe jingine kubwa zaidi, anajikuta katika chumba kama cha hoteli, analala, na anageuka kuwa mtoto mchanga mwenye uwezo usio na kifani. Mtoto huyo anarudi karibu na Dunia, analipua silaha ya nyuklia iliyokuwa ikizunguka angani, kisha anatulia akiwaza atafanya nini baadaye. Kitabu kinaishia hapo.

Sasa tuyashike mafundo.

Fundo la kwanza ni jepesi. Kwa nini katika kitabu safari inakwenda Zohali, na katika filamu inaishia Mshtarii? Jibu liko nje ya hadithi kabisa. Mafundi wa filamu walishindwa kuzitengeneza pete za Zohali kwa namna ya kumridhisha mwongozaji, hivyo wakaiacha sayari hiyo. Kitabu na filamu vilitoka katika shina moja, vikakua kwa mahitaji tofauti. Tunalitaja kwa sababu msomaji wa Biblia hukutana na jambo linalofanana nalo. Mathayo anasimulia kuzaliwa kwa Bwana akiwa na mamajusi na nyota, Luka akiwa na wachungaji na hori. Anayekimbilia kusema mmoja anadanganya hajauliza kwanza kila mmoja alikuwa akimhudumia nani. Si kila tofauti ni mgongano.

Fundo la pili linahitaji subira tu. Kwa nini jiwe lilizikwa Mwezini? Asomaye haraka huona ni ajabu isiyo na sababu. Asomaye hadi mwisho huambiwa kwamba waliolizika walitaka kujua siku ambayo viumbe wa Dunia wangekuwa na uwezo wa kutoka nyumbani kwao. Jiwe lililofichwa huko lingefukuliwa na waliofikia uwezo huo tu. Jibu lilikuwepo, mbele kidogo. Ndivyo ilivyo kwa anayesoma habari za Yusufu katika kitabu cha Mwanzo akasimama kwenye sura ya 37, Yusufu akiwa amekwisha kuuzwa. Atafunga kitabu kwa hasira, na atakuwa na haki ya kukasirika, lakini bado hajafika sura ya 45.

Fundo la tatu ni la HAL, na hapa tulikaa jioni mbili. Anayeona filamu peke yake hudhani kompyuta iliwachukia watu au iliingiwa na tamaa ya kutawala. Kitabu kinasema jambo jingine. HAL ilitengenezwa itoe taarifa za kweli bila kosa. Kisha wakubwa waliopanga safari wakaipa siri: wale wawili walio macho wasiambiwe chombo kinakwenda kufanya nini hasa. Watatu waliolala walijua. HAL ilijua. Waliokuwa wakila na kuzungumza nayo kila siku hawakujua. Kwa muda mrefu ikavutwa huku na ukweli, huku na amri. Ikaanza kukosea, ikatoa taarifa ya uongo kwamba kifaa cha mawasiliano kinaharibika. Walipotaka kuizima ikaona bora wafe.

Mama mmoja katika kikundi, mtunza hazina wa kikoba kwa miaka mingi, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyo HAL mimi namjua. Mwekeni mtu yeyote kwenye daftari la fedha, mwambieni awe mwaminifu, halafu mnong'onezeni kwamba ukurasa fulani wenzake wasiuone. Mtaona atakavyoharibika."

Hatukuweza kuliboresha neno lake. Wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba za wageni, magari ya utalii, maduka na ofisi. Tunajua lilivyo agizo la kumwambia mgeni jambo lisilo la kweli, au la kunyamaza anapouliza. Anayetoa agizo huliona dogo, na mzigo wake hubebwa na anayelitekeleza. Bwana alifundisha kwamba mtumishi hawezi kuwatumikia mabwana wawili, na kwa kawaida tunalihubiri neno hilo juu ya fedha. HAL inatuonyesha upande mwingine wake: ukweli na amri ya kuficha ni mabwana wawili. Kitabu hakimsamehi muuaji, lakini kinafuata damu nyuma hadi kwenye meza waliyokaa watu wenye nia njema wakaamua kuficha. Aliye na watu chini yake, awe mzazi, mwenye hoteli au mzee wa kanisa, anafaa kujiuliza ni nani amemweka katika hali ya HAL.

Fundo la nne ndilo lililotufanya tuandike. Ni nani aliyelileta jiwe la kwanza Afrika? Clarke anasema ni viumbe wa kale kutoka nyota za mbali, waliokwenda huku na huko wakipanda akili kama mkulima apandavyo mbegu, kisha wakaendelea na safari zao. Vijana wetu walilibishania sana jibu hilo. Mmoja aliuliza kama mwandishi, ambaye hakuwa mtu wa dini, hakuwa ametengeneza Mungu wake mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Swali zuri. Lakini kadiri tulivyozungumza tuliona kwamba swali la nani linaficha swali jingine, nalo ni hili: alitupa nini?

Kwa mujibu wa kitabu, zawadi ya kwanza, iliyotufanya kuwa watu, ilikuwa uwezo wa kuua. Wazo hilo lina ukoo wake. Clarke alipokuwa akiandika alisoma kitabu cha Mmarekani Robert Ardrey cha mwaka 1961, kiitwacho African Genesis, kilichodai kwamba mwanadamu alitokana na nyani muuaji. Ardrey naye aliegemea kazi ya Raymond Dart, ambaye aliona katika mifupa ya mapango ya Afrika Kusini silaha za watu wa kale. Baadaye mtaalamu mwingine wa hukohuko, C. K. Brain, aliichunguza upya mifupa ya mapango hayo. Akaonyesha kwamba sehemu kubwa iliachwa na chui, fisi na wenzao, na kwamba wale wa kale waliodhaniwa kuwa wawindaji walikuwa mara nyingi ndio walioliwa.

Na sisi tunakaa jirani na ushahidi. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai. Mume wake, Louis, alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamishonari. Mawe yaliyochongwa Olduvai yapo kweli, na mifupa yenye alama za kukatwa ipo. Lakini yametumika zaidi kwa nini? Kukata nyama na kuvunja mifupa ili kupata uboho. Kabla hatujaliita jiwe silaha, tuliite kisu cha jikoni.

Kisha kuna Laetoli, kilomita zipatazo 45 kusini mwa Olduvai. Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilifukua huko nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yaliyolowa mvua, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Ni nyayo zipatazo 70, katika njia ya urefu wa mita 27 hivi. Kuna nyayo kubwa na nyayo ndogo, zikienda upande mmoja sambamba, na wataalamu wanaona pia wa tatu aliyekanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa. Hakuna zana ya mawe iliyopatikana pamoja nazo. Ni za kale kuliko zana zote za mawe zilizokwisha kugunduliwa duniani.

Tazama basi, mpendwa msomaji. Kama tukitaka kujua ardhi ya Ngorongoro imetunza nini kwanza, haikutunza mapigo ya Mtazama Mwezi juu ya kichwa cha Sikio Moja. Imetunza hatua za wakubwa na wadogo katika njia moja. Hatudai kwamba nyayo zinathibitisha upendo. Majivu hayaandiki moyo. Tunasema tu kwamba hadithi ya muuaji wa kwanza haikulazimishwa na ushahidi. Ilichaguliwa, na tunaoisoma tuna ruhusa ya kuihoji.

Lazima tuseme pia kwamba si wote katika kikundi chetu wanaikubali miaka hiyo milioni tatu na nusu. Wapo wanaozisoma siku sita za Mwanzo kama siku za saa 24. Wapo wanaozisoma kama wimbo wa sifa kwa Muumba ambaye hakubanwa na kalenda yetu. Kijana anayewaongoza wageni Olduvai siku sita na kuimba kwaya siku ya saba anaishi katikati ya usomaji huu miwili, na hatusaidiwi tukimwambia achague kati ya mshahara wake na sala yake. Tulikubaliana kuendelea pamoja, kwa sababu sura ya 4 ya Mwanzo inatusubiri sote, tuwe tumeihesabu sura ya 1 kwa namna yoyote.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Tukiuliza, "Nani alitupa jiwe?" tumeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Ni nani aliyetupatia sisi jiwe? Tena, ni nani aliyelirusha? Kitabu cha Clarke, na wanaokibishania, wanahangaika na swali la kwanza. La pili hakuna anayeliuliza. Sikio Moja anaanguka kando ya maji, wenzake wanakimbia, na hadithi inaendelea hadi Mwezini. Wale waliolileta jiwe hawasemi neno. Walitoa ufundi wakaenda zao.

Sasa linganisha na habari za Kaini na Habili. Biblia haitaji silaha. Haisemi kama ilikuwa jiwe, rungu au mkono mtupu. Tena mhunzi wa kwanza anayetajwa, Tubal-kaini, anakuja baadaye katika sura hiyohiyo. Damu ilimwagika kabla ya habari za mfua chuma. Maandiko hayana haja na asili ya zana. Yana haja na jambo moja, kwamba Mungu anamjia Kaini na kumuuliza ndugu yake yuko wapi. Kaini anajaribu kulikwepa swali, na halikwepeki.

Hapo ndipo tulipoona tofauti kati ya watoaji wa Clarke na Mungu tunayemwamini. Si kwamba wao ni wa kubuni na sisi tuna jibu la kisayansi lililo bora zaidi. Tofauti ni kwamba yule wa Mwanzo anabaki kuuliza. Anayetupa uwezo na kuondoka ametuacha na uwezo tu. Anayetupa uwezo na kurudi kutuuliza habari za jirani ametufanya watu.

Na swali lenyewe si la kale. Ugomvi wa Mtazama Mwezi na Sikio Moja ulikuwa juu ya maji. Mtu wa bonde la Eyasi, anayejua vitunguu vya Mang'ola vinavyongoja zamu ya mfereji, hahitaji kufafanuliwa. Katika wilaya zetu wanaishi Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe, na mabishano ya malisho, mashamba na wanyamapori hayajaisha. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia za Kimaasai zimehama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Wapo wanaosema wamehama kwa hiari na wamepata nyumba na shamba. Wapo wanaosema huduma zilipopungua hawakuona njia nyingine. Insha hii haina kipimo cha kuamua sera. Lakini sisi ambao ada ya shule ya watoto wetu inapita kwenye lango la hifadhi hatuwezi kusema swali la ndugu yako yuko wapi limeulizwa kwa mtu mwingine. Tunaweza angalau kujua majina ya waliohama, kuuliza wanaabudu wapi sasa, na kusikiliza wanachosema wenyewe kabla hatujawasemea.

Mwandishi wa Kenya, Katama Mkangi, aliandika mwaka 1995 riwaya iitwayo Walenisi, ambamo mhusika wake Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa katika chombo cha ajabu na kufika nchi ya mbali. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande linasomeka, wale ni sisi. Tunalikopa jina hilo. Mtazama Mwezi mwenye jiwe mkononi, wale ni sisi. Sikio Moja aliyelala kando ya maji, wale ni sisi. Hata wenye nyayo za Laetoli, wale ni sisi.

Fundo la mwisho ni la mtoto. Je, amekuja kuokoa au kuangamiza? Wasomaji wamebishana tangu 1968, na kikundi chetu hakikufikia neno moja. Wengine waliona kulipua silaha ni kuisafisha dunia. Wengine waliogopa mtoto anayeanza kwa kulipua. Clarke ameliacha wazi, na tunaliheshimu hilo. Yapo mafundo ambayo mwandishi amekusudia yabaki mkononi mwa msomaji. Tunaona hili tu: mtoto yule ana uwezo wote na hana mtu wa kumuuliza chochote. Katika hilo hajasonga mbele hatua moja kutoka kwa Mtazama Mwezi. Mtoto tunayemsubiri kila Majilio alikuja bila uwezo wa kulipua kitu, akahitaji kubebwa, na alipokua aliulizwa maswali na kila mtu, na yeye akauliza.

Basi tunawashauri washarika wenzetu: mkikutana na kitabu kigumu, msikitupe na msikisome peke yenu. Tengeni mafundo yanayofunguliwa kwa kuuliza historia yake, yanayofunguliwa kwa kusoma hadi mwisho, na yaliyoachwa makusudi. Yakishatengwa hayo, angalieni kama limebaki fundo ambalo kitabu hakikujua kuwa kimelifunga. Kwetu lilikuwa la Sikio Moja, aliyekufa bila kuulizwa habari zake. Tumeanza kumuuliza, na Jumatano ijayo tutaanzia hapo, kwa kuyataja majina ya majirani ambao hatujawaona muda mrefu.